Kisukuku cha Mama Kipaza

Kwanza tuelewane: Hadubini si jina lake. Jina analo, tena zuri tu, lakini tangu aanze kukaa kwenye kile chumba cha nyuma cha idara ya miamba, jicho limeganda kwenye kioo na mgongo umepinda, hakuna aliyemwita vinginevyo. Hata mumewe akipiga simu ya ofisini husema, "Niitieni Hadubini," na simu humfikia mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mpole wa sauti, mwenye alama za duara kuzunguka macho zisizotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wachimba visima mwamba wao una umri gani, na alikuwa akiwaambia. Usiniulize wao wanaifanyia nini habari hiyo. Mimi sijui, na baadhi yao nadhani hawajui pia, maana ripoti yake moja ilikutwa imetumika kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Sasa umri wa jiwe utaujuaje? Jiwe halina meno useme ulipanue kinywa kama unayenunua punda. Ndipo vijidudu vinapoingia. Zamani sana, kabla ya binadamu yeyote kugombana na mwenzake, baharini waliishi vijidudu vya mikia miwili ambavyo kazi yao ilikuwa kuzunguka kama pia. Bado vipo, vinazunguka mpaka leo. Wasomi huviita dinoflajelati, neno ambalo ukilitamka kwa pupa unajing'ata ulimi. Hali ikiwa mbaya, maji yamepoa au chakula kimeadimika, baadhi ya vijidudu hivyo hujitengenezea ganda gumu, vikajifungia ndani na kuzama topeni vikalala. Hali ikitengemaa, kijidudu hufungua kijimlango, kikatoka, kikaenda zake bila hata kugeuka nyuma, na ganda likabaki chini. Tope likawa jiwe, ganda likawa kisukuku, na kwa kuwa kila zama ilikuwa na maganda ya maumbo yake, ukilijua ganda umelijua na jiwe. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na Hadubini aliiweza kuliko kupika.

Mwenzake chumbani humo alikuwa fundi wa maabara, kijana mwenye koti lililojaa matundu, aliyeitwa Asidi. Yeye alipokea mawe, akayaponda, akayatia kwenye asidi mpaka jiwe likayeyuka lote yakabaki maganda tu, maana maganda hayo hayajali asidi wala mama yake asidi. Tone la masalia linawekwa juu ya kipande cha kioo, linafunikwa kwa kioo kingine chembamba, na hapo Hadubini anainama. Walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi bila ugomvi ila mmoja tu, kuhusu nani alikula chakula cha mwenzake kilichokuwa kwenye jokofu la sampuli.

Basi siku moja likaja tope jeusi kutoka kisima kirefu, Asidi akalifanyia mambo yake, Hadubini akainama, na asiinuke. Asidi akanywa chai yake, akaosha vyombo, akarudi, bado mwenzake hajainuka.

"Dada, uko hai?"

"Nyamaza kwanza."

"Kuna nini?"

"Kuna ganda silijui."

Asidi akaketi, maana hilo neno hakuwahi kulisikia likitoka kinywani humo. Lilikuwa ganda fupi, nene, lenye pembe moja juu na mbili chini, na halikuwa peke yake, lilikuwa na ndugu kibao kioo kizima. Hadubini akapekua vitabu vyote vya chumba kile mpaka vumbi likampalia, akaandikia watu wa mbali, akasubiri majibu kwa roho juu. Wote wakamjibu neno moja: hatulijui. Maana yake ni kwamba lilikuwa spishi mpya, na aliyeliona kwanza ndiye wa kulieleza na kulipa jina. Miaka yote hiyo alikuwa akiyatambua maganda yaliyopewa majina na wenzake tu. Siku hiyo alikwenda nyumbani akicheka peke yake barabarani, watu wakimpisha.

Kutoa jina kuna masharti yake, na ukiyajua haya umeijua hadithi nzima. Unaandika maelezo ya ganda: umbo, ngozi, pembe, mlango. Unaeleza linavyotofautiana na jamaa zake. Halafu, kati ya maganda yote uliyonayo, unachagua moja, moja tu, unalizungushia duara la wino juu ya kioo, na hilo ndilo linalobeba jina. Maabarani waliliita mwenye jina. Mengine yote ni ndugu zake wa kusindikiza. Kesho ukizuka ubishi, watu wataacha makaratasi yako waende kumtazama mwenye jina. Na wakikuta kumbe ulimchagua vibaya, kumbe ni wa spishi nyingine ambayo mtu alishaipa jina zamani, basi jina ulilotoa limekufa pale pale. Huwezi kulifufua, na wala huruhusiwi kuipa spishi nyingine ya karibu. Hakuna rufaa.

Sasa tumlete mama yake, ingawa mama huyu hakuwahi kungoja kuletwa. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Ile sauti iliyokuwa ikiwaambia watu treni imechelewa, wakakasirika lakini wakatii, ilikuwa yake. Alipostaafu, stesheni ikapata utulivu na mtaa wake ukaupoteza. Watu walimwita Mama Kipaza, na alilipenda jina hilo kwa sababu moja ya kusikitisha: jina lake halisi hakuna aliyelitaka.

Lilikuwa jina la kizamani, zito, la kujaza mdomo. Mama Kipaza alikuwa na wajukuu tele, na kila mtoto wa kike alipozaliwa wazazi walikohoa, wakatazamana, wakachagua jina la bibi wa upande wa pili. Mamkwe wa Hadubini alikuwa na kijina kifupi kitamu, na kilishapewa wasichana watatu. Ukiita mmoja wanakuja wote, na bibi yao nyuma yao akiuliza nani kamwita. Mama Kipaza alikuwa akicheka na wengine, halafu akifika nyumbani anavua viatu na kukaa kimya, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa.

"Mimi nikifa," alimwambia bintiye siku moja, "jina langu nakwenda nalo. Hata paka hajapewa."

Hadubini maneno hayo yalimkata maini. Kwa hiyo ganda lilipothibitika kuwa jipya, hakufikiri mara mbili, akaenda kwa mama yake moja kwa moja.

"Mama, nimepata kitu kipya. Kitabeba jina lako."

"Kitu gani?"

"Kisukuku."

"Kina ukubwa gani?"

"Hakionekani kwa macho."

Mama Kipaza akamtazama bintiye. "Mamkwe wako ana wasichana watatu wanaoonekana tangu barabarani. Mimi unanipa kisichoonekana."

"Kinaonekana kwa hadubini, Mama. Na jina likishaingia vitabuni, linakaa. Wewe hutakuwepo, mimi sitakuwepo, na mtu wa nchi nyingine kabisa akikikuta kwenye mwamba wake atalitaja jina lako."

"Wewe! Atalitaja lote?"

"Lote. Tena litaongezwa kijimkia cha Kilatini mwishoni."

"Na kina umri gani hicho kidude?"

"Kimemtangulia binadamu yeyote."

"Kumbe ni mkubwa kuliko mamkwe wako."

"Mama!"

"Nimeuliza tu," akasema Mama Kipaza. Jioni ile ile mtaa mzima ulikuwa na habari, pamoja na watu waliokuwa wakipita tu na safari zao.

Mtu akiahidiwa kitu chenye jina lake lazima akione. Akaja maabara siku ya kazi, kavaa gauni lake la kuendea harusini na viatu vinavyombana. Asidi akaruka kumpa kiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Koti lako limeliwa na nini?"

"Na kazi, Mama."

"Omba kazi ikununulie jingine." Akainama kwenye hadubini, akatulia. "Naona miguu ya buibui."

"Hizo ni kope zako, Mama. Usisogee sana."

Akasogea kidogo nyuma, na hapo akaliona. Asidi, ambaye alikuwa amejiandaa kupongezwa, akaanza kutafuta kazi ya kuipa mikono yake.

"Hiki kifupi ndicho mimi?"

"Ndicho, Mama."

"Mbona kinene hivi?"

"Ndivyo kilivyo."

"Kimebonyea ubavuni. Kina vipele. Pembe moja kama imekatika." Akainua kichwa, duara zikiwa tayari zimejichora kuzunguka macho. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Mama, hivyo ndivyo vinavyokitofautisha na wenzake."

"Na hilo tundu?"

"Ndiyo mlango. Mwenyewe alitokea hapo akaenda zake."

"Kwa hiyo ni nyumba tupu. Tena mwenye nyumba kahama akaacha mlango wazi." Akageuka kwa Asidi. "Wewe kijana, mamako ungempa?"

Asidi akasema kuna kitu anachemsha, akaingia mitini.

Mama Kipaza akainama tena, kwa hasira, akashika vile visukani vinavyosogeza kioo kama aliyezaliwa navyo, akaanza kuzurura. Akapita kwa huyu, akapita kwa yule, akiguna kila mara, na ghafla akapiga kelele iliyofika mapokezi.

"Huyu! Huyu hapa ndiye mimi!"

Hadubini akatazama. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na ganda zuri ajabu, refu, jembamba, ngozi laini, pembe zimenyooka. Limelala kifudifudi, mlango wake uko chini. Sasa mtaalamu wa miaka yote hiyo alipaswa kusema, "Ngoja nilichunguze." Lakini mtaalamu alikuwa ana mama yake akimpumulia sikioni. Akawaza: pengine hawa wafupi wote wamebanwa na tope, na huyu mmoja ndiye aliyenusurika. Pengine hili ndilo umbo lao la kweli. Ni wazo la kitoto, na mwanafunzi angeliandika angemrudishia karatasi, ila ukiwa unataka jambo, akili yako mwenyewe inakuletea sababu kwenye sinia.

"Unaona alivyosimama?" mama akasema. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku naolewa."

Hadubini akachukua kalamu, akalizungushia duara la wino. Mwenye jina akapatikana.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika polepole, kwa heshima. Maelezo ya ganda lazima yamwenee mwenye jina na ndugu zake wote. Mwenye jina mrefu, ndugu wafupi. Mwenye jina laini, ndugu wana vipele. Hadubini akaketi akaandika: mwili mrefu kiasi hadi mfupi, mwembamba au mwenye afya, ngozi laini au yenye chembechembe, pembe ndefu au za wastani au zilizopungua. Asidi akasoma mara moja, akasoma tena, akashika tama.

"Dada, kwa maelezo haya hata mimi naingia."

"Usinichoshe."

"Nasema kweli. Mwenye afya, ngozi yenye chembechembe. Ni shangazi yangu huyu."

Hadubini akamfukuza, akaenda kupiga picha ya yule mrembo kwa kamera ya hadubini, na nakala moja akampa mama yake. Kosa jingine. Mama Kipaza aliipeleka kwa fundi picha ikuzwe. Fundi akaigeuza huku na huku, akauliza kwa upole kama daktari kashasema watalitoaje.

"Watalitoa nini?"

"Si jiwe la figo hili, Mama?"

"Ni mimi hilo," akajibu Mama Kipaza.

Picha ikarudi ikiwa kubwa kama sinia, ikatiwa fremu ya rangi ya dhahabu, ikatundikwa sebuleni katikati ya picha za wajukuu. Aliyeingia nyumba ile kuomba chumvi alitoka na somo zima la bahari za kale. Na sitaki umcheke sana. Mtu aliyekuwa akitangaza safari za wengine maisha yake yote alikuwa, kwa mara ya kwanza, na habari yake mwenyewe ya kutangaza. Alikuwa na furaha. Hadubini aliiona furaha hiyo kila alipokwenda, akajiambia kwamba hata ingekuwaje, alikuwa amefanya jambo jema.

Ilibaki kazi moja kabla ya kutuma makala. Katika fani yao, hata uwe na kamera gani, ganda lazima ulichore kwa mkono. Kamera huona tabaka moja tu. Mkono unakwenda pamoja na jicho: unapandisha lenzi, unachora cha juu, unateremsha lenzi, unachora cha chini, mpaka umelipita ganda kutoka mgongoni hadi tumboni. Hadubini akanoa penseli, akatia tone la mafuta kati ya lenzi na kioo, akaanza. Pembe ya juu akachora. Mabega akachora. Akateremsha lenzi pole pole, akapita katikati, ule utupu wa ndani, akaendelea kushuka, na ule mlango uliojificha chini ukaanza kuja, ukingo mmoja, ukingo wa pili, ukakamilika.

Penseli ikasimama.

Wale wafupi wote, mlango wao ulikuwa wa vibamba vitatu vilivyotoka pamoja, kama dirisha la mabawa matatu. Huyu mlango wake ulikuwa wa kibamba kimoja. Hadubini akahesabu tena, ingawa kuhesabu mpaka moja si kazi. Akaondoka kwenye kiti, akatoa kitabu cha zamani kuliko vyote rafuni, akafungua bila kutafuta ukurasa, na mrembo alikuwa pale akimtazama. Spishi ya kawaida kabisa. Ilipewa jina kabla Mama Kipaza hajazaliwa. Ilikuwa imeporomoka kutoka tabaka la juu la kisima wakati wa kuchimba, ikachanganyika na watu wasioihusu.

Alikuwa bado kainamia kitabu Asidi alipokuja kumtazama.

"Kuna nini, Dada?"

"Nimemzungushia duara mtu wa watu."

Asidi akatazama, akateremsha lenzi, akaguna. Alikuwa kijana mwenye roho nzuri, na roho nzuri wakati mwingine hutoa ushauri mbaya. "Sasa ni nani atakayejua? Yuko kifudifudi. Mpaka mtu ateremshe lenzi mpaka huko chini, itapita miaka."

"Ndiyo, itapita."

"Basi si tuache? Mama kashatundika picha."

"Hebu fikiri," Hadubini akasema, na sauti yake haikuwa ile ya upole. "Siku hiyo akitokea wa kuteremsha, jina la Mama linafutwa. Litaandikwa kwenye majina batili. Na halitapewa mwingine tena, mchezo umekwisha. Mimi sitakuwepo kumtetea, na Mama hatakuwepo kupiga kelele. Nilitaka kumpa kitu cha kudumu, nikampa kitu kinachongoja kuvunjika."

Asidi akaenda kumletea chai, jambo alilokuwa akilikwepa tangu ule ugomvi wa jokofu.

Hadubini akafuta duara. Akapita kwa wafupi mmoja mmoja, akamchagua aliyekuwa wazi kuliko wote: mnene, ubavu umebonyea, vipele kila mahali, pembe ya kulia kisiki kitupu, na vibamba vitatu vya mlango vinahesabika hata na mlevi. Akamzungushia wino. Akaandika maelezo upya bila neno "kiasi" na bila neno "hadi". Yakatoka safi, mafupi, makavu, na ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Halafu akakumbuka kwamba ni lazima amsomee mama yake.

Alikwenda mchana wa siku ya mapumziko, makala mkobani, akiwa amepanga maneno yake vizuri. Akafungua mlango wa sebule, na hapo maneno yote yakatawanyika. Kwenye kochi, chini ya fremu ya dhahabu, akinywa chai kwa adabu, alikuwa mamkwe wake.

"Karibu, mwanangu!" Mama Kipaza alikuwa amesimama kando ya picha na kijiti cha kuonyeshea. "Ndiyo kwanza nimefika kwenye pembe. Mkwe wangu anasema hajawahi kuona."

"Sijawahi," mamkwe akakubali.

"Shikamooni. Mama, naomba tuzungumze kidogo, huko ndani."

"Sema hapa hapa. Mimi sina siri na mkwe wangu." Alikuwa nazo za kujaza gunia, lakini siku hiyo alikuwa juu.

Hadubini akasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayenywa dawa chungu: mlango wa kibamba kimoja, kitabu cha zamani, tabaka la juu lililoporomoka. Mamkwe akaweka kikombe chini taratibu sana kisitoe sauti. Mama Kipaza akamwangalia bintiye, akaangalia picha, akamwangalia bintiye.

"Kwa hiyo huyu si mimi."

"Siye, Mama."

"Ni nani?"

"Ni mwingine. Ana jina lake, alipewa zamani."

"Nimekuwa nikimwamkia kila asubuhi!"

"Nisamehe, Mama. Kosa ni langu. Nilitaka ufurahi, nikaacha kutazama."

Mama Kipaza akaketi. Kijiti kikaanguka, hakuna aliyekiokota. Sauti iliyokuwa ikizima kelele za treni ikatoka kama ya mtoto aliyenyang'anywa. "Basi sina. Nilijua tu. Jina langu lina mkosi."

"Unalo! Yule wa kwanza ndiye wako, Mama. Huyo ni wako kweli, hakuna mwenye hati naye duniani. Nimeshamwandika."

"Yule mfupi." Akamtupia mkwe wake jicho la pembeni. "Haya. Soma. Aibu imeshafika, imalizike."

Hadubini akatoa karatasi. "Mwili mfupi, mnene, upana unakaribia urefu. Ubavu wa kushoto umebonyea. Ngozi ina vipele vidogo visivyo na mpangilio." Hapo mamkwe alipaliwa na chai, akageukia ukutani, mabega yakamtikisika. "Pembe ya juu butu. Pembe ya chini kushoto imechongoka, ya kulia imebaki kisiki. Mlango ni wa vibamba vitatu, umeachwa wazi."

"Mwanangu, hakuna namna ya kusema mwenye afya?"

"Ipo, Mama. Niliandika hivyo mara ya kwanza. Niliandika mwembamba au mwenye afya, laini au si laini. Yakawa maneno mazuri, lakini mtu akiyashika akutafute asingekupata. Angempata yeyote."

Nilidhani, na Hadubini alidhani, kwamba sasa nyumba ingeinuka paa. Mama Kipaza alikuwa akiangalia sakafu. Alipoanza kusema alikuwa mahali pengine kabisa.

"Kuna mama mmoja alinijia stesheni analia, mumewe kapotea kwenye msongamano. Nikamwambia nieleze alivyo, nimtangaze. Akasema ni mrefu, mweupe, mtanashati, nywele nyingi. Nikatangaza asubuhi nzima. Mpaka koo likanikauka. Bwana mrefu mtanashati, mkeo anakungoja langoni. Na kumbe mwenyewe alikuwa kaketi chini ya kipaza, kijitu kifupi, kipara kinang'aa, anatafuna karanga. Nilipotoka kwenda kunywa maji akaniambia, Mama, mimi namhurumia sana mke wa huyo bwana."

Mamkwe akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika mbavu. Hadubini akacheka. Mama Kipaza mwenyewe hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza.

"Nilimkasirikia mke yule. Nikamwambia, ungemsema alivyo ungekuwa umeshafika kwako." Akainua macho. "Sasa niambie ukweli. Mtu wa huko mbali akishika maneno hayo uliyosoma, ya ufupi na vipele na kisiki, akaja kunitafuta. Atanipata?"

"Atakupata, Mama. Hata sisi sote tukiwa hatupo. Atasema huyu hapa, na atakutaja."

Machozi yakamtoka Mama Kipaza, akayaacha yashuke. "Mimi nilichokuwa naogopa ni kupita tu, mwanangu, kama sikuja. Unene niliishi nao miaka yote, utaniua leo? Andika mnene."

Akainuka, akavuta kiti, akapanda mwenyewe wakati wale wengine wawili wakimpigia kelele ashuke, akamtoa mrembo ukutani na kumkabidhi bintiye. Kisha akashuka, akajifuta uso, akaketi karibu na mkwe wake, karibu kabisa, mabega yakigusana, akakunja mikono mapajani kama anayesubiri hotuba ya mgeni rasmi.

"Soma tena," akasema. "Pole pole, na upaze sauti. Mkwe wangu hapa alipaliwa, hakusikia vizuri ile ya pembe."

Hadubini akanyoosha karatasi, akaanza tangu mwanzo, kwenye ufupi.